Bwana Soko na Mwenye Deni

Katika kitabu chake The Intelligent Investor, kilichotoka mwaka 1949, Benjamin Graham anatusimulia habari za Bwana Soko. Huyu ni mshirika wako katika biashara. Kila siku anakuletea bei: leo amechangamka, anataka kulinunua fungu lako kwa bei kubwa, kesho amejaa hofu, anakuuzia lake kwa bei ya kutupa. Wewe una hiari ya kumsikiliza au kumwacha aende zake.

Mfano huu naupenda, maana unaonesha kwamba adui wa mwekezaji ni moyo wake mwenyewe. Lakini naona una upungufu: unamchukulia msomaji kuwa mtu asiyedaiwa.

Tutazame Kenya. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5, na wengi walikopa benki ili wazipate. Mwanzoni mwa 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 zilipita 40. Aliyenunua kwa akiba yake aliweza kungoja. Kwa aliyekopa alibisha hodi mgeni wa pili, mdai, ambaye hafukuziki.

Ni kweli, Graham anaonya mahali pengine juu ya kununua hisa kwa mkopo. Ila onyo hilo lingekaa ndani ya mfano wenyewe, kwa kuwa mfano ndio unaokumbukwa. Subira ya mwekezaji huanza kabla hajanunua: anapoamua fedha ipi iingie sokoni na ipi ibaki ya karo na chakula.