Jua la Meru Halijui Bei ya Kamera

Mpiga picha za harusi wa Embu siku hizi huulizwa kamera kabla ya kuulizwa bei. Kamati imekaa, chai imemiminwa, na kijana mmoja anayejua mambo ya mtandaoni anadakia: "Unatumia gani, bosi?" Akitaja kamera iliyotoka miaka kumi iliyopita, nyuso zinapoa. Anaondoka pale akiwaza mkopo wa sacco, au jinsi ya kuwaomba wanachama wenzake wa chama wamsogezee zamu, ili anunue mashine ambayo picha zake za wiki ya kwanza zitafanana kabisa na za ile aliyokuwa nayo.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu kubwa. Picha ya inchi sita kwa nne, ile ya kuweka kwenye albamu, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 kila inchi hula nukta 1,800 kwa 1,200, yaani megapikseli 2 na ushei. Nikon D1, iliyoingia sokoni mwaka 1999 kwa zaidi ya dola 5,000, ilikuwa na megapikseli 2.7 tu, na wanahabari waliitumia kazini. Picha ya A4 ya kutundika sebuleni inataka megapikseli karibu 9. Canon 5D ya mwaka 2005 ilikuwa tayari na 12.8, na leo hata kamera ya lenzi za kubadilisha iliyo ya bei ya chini kabisa pale Luthuli Avenue, Nairobi, imeshapita hapo. Zinazobaki ni megapikseli za kujaza laptopu.

Kinachowashinda wengi huku ni jua. Mstari wa ikweta unakata barabara kati ya Nkubu na mji wa Meru, na mwezi wa Machi au Septemba, saa sita na nusu mchana, jua husimama utosini kweli kweli. Macho yanazama kwenye vishimo vyeusi, pua inaangusha kivuli mdomoni, na bwana harusi mwenye sura nzuri anatoka kama mtu aliyekesha matangani. Tena kuna mlima. Meru na Embu ziko upande wake wa mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linapanda bila kizuizi kutoka tambarare za Tharaka na Mbeere, lakini jioni linajificha nyuma ya Mlima Kenya, au nyuma ya mawingu yake, kabla ya wakati. Vitabu vya Ulaya vinasifu ile nuru ya dhahabu ya jioni inayokaa na kukaa. Hapa, ukiinama kubadilisha lenzi, imekwisha. Fundi anayeijua ardhi yake humpiga picha bibi harusi nyumbani kwao saa mbili asubuhi, huku wengine wakitafuta gari la maua. Na Julai, baridi na wingu zito vinapowanunisha watu wote, yeye hufurahi, maana anga lote limekuwa taa moja pana na laini.

Niliwahi kumtazama mmoja wa hao mafundi kwenye sherehe ya mahari karibu na Runyenjes. Kamera yake ilikuwa imebanduka mpira wa kushikia, naye akaugandisha kwa supaglu. Lenzi ilikuwa ile fupi ya milimita 50, ndogo kama kikombe cha kahawa, ambayo wenye vifaa vya kifahari huiona ya wanafunzi. Waandaaji walikuwa wamekodi tenti za buluu, na anayejua kazi hii anajua tenti ya buluu ni balaa: kila aliye chini yake anageuka rangi, na ukimweka nusu ndani nusu nje, shavu moja linakuwa buluu na jingine linaungua kwa jua. Laptopu itapunguza, lakini uso wa namna hiyo hauna dawa nyepesi. Kijana hakubonyeza kitu. Alimwendea bibi mzaa mama, aliyekuwa amekaa katikati kabisa, akamwambia, "Shosho, njoo huku ukingoni upate upepo." Neno picha hakulitaja. Kiti kikasogezwa mpaka penye kivuli lakini panapoona anga, mbele yake kukiwa na udongo mwekundu uliorudisha mwanga wa joto hadi kidevuni.

Hata hivyo shosho alipoiona kamera alikaza shingo, akatoa ule uso wa kitambulisho ambao wazee wetu wengi huutoa mbele ya lenzi. Kijana akashusha kamera kifuani na kumuuliza kama mbuzi walioletwa wanatosha. Shosho akaanza kueleza, kwa mkono na kwa nyusi, kasoro za mbuzi mmoja baada ya mwingine. Shata ililia mara mbili, basi.

Kuna kazi nyingine ndogo isiyoonekana. Kamera, iwe ya elfu thelathini au laki nne, hupima mwanga ikidhani dunia nzima ni ya kijivu. Ikikutana na gauni jeupe inajitia giza, na uso wa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi unageuka mkaa. Mjuzi anaongeza mwanga kidogo kwa ajili ya uso, kisha anakagua kama maua ya lesi kwenye gauni bado yanaonekana. Kazi yote iko katika upenyo huo mwembamba kati ya uso na gauni, na kidole gumba ndicho kinachoujua.

Lakini nisiwe mnafiki. Giza ni hoja halali. Ibada ikichelewa, kama ilivyo desturi, kanisa likawa na taa chache za manjano, kihisio kikubwa cha milimita 36 kwa 24 kinasaidia, kwa sababu eneo lake linazidi lile la kamera za kawaida zaidi ya mara mbili. Hata hapo, kabla hujauza ng'ombe, kumbuka lenzi. Ile iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, huishia f/5.6, lakini ile ya milimita 50 inafunguka hadi f/1.8 na kupitisha mwanga karibu mara kumi. Hakuna mwili wa kamera utakaokupa faida kama hiyo kwa pesa hizo, mradi ukumbuke kwamba ikifunguliwa hivyo, bibi akiwa mbele na bwana amerudi nyuma hatua moja, mmoja wao atakuwa ukungu.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya nafasi mbili za kadi. Harusi hairudiwi. Kadi moja ikifa, huna la kumwambia mama wa bibi harusi, na kamera inayoandika kila picha mara mbili inastahili mkopo wake.

Mbuga ni habari nyingine. Anayetafuta vifaru katika Hifadhi ya Taifa ya Meru hawezi kuwaita ukingoni wapate upepo. Anahitaji lenzi ndefu, na lenzi ndefu ni ghali. Ila hata huko, picha zilizoifanya Meru ijulikane duniani, zile za simba Elsa katika kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960, Born Free, zilitokana na ukaribu ambao hauuzwi dukani. Elsa, aliyezikwa humo mwaka 1961, alikuwa amelelewa na hao hao waliompiga picha.

Nikiulizwa fedha ziende wapi, nitasema printa. Nenda kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Embu, cha Chuka au cha Meru utazame nani anarudi na pesa. Ni yule aliyeweka meza nje ya geti, printa ya wino, fremu na umeme wake mwenyewe. Mzazi aliyetoka Maua alfajiri anataka kurudi na A4 ndani ya kioo, leo, si kiungo cha kupakua wiki ijayo. Hajali ilipigwa na nini.

Sina ugomvi na wanaonunua kamera mpya kila mwaka. Waendelee. Wao, wakiuza zile za zamani, ndio wanaomfikishia kijana wa Kiritiri au Laare kamera ya kuanzia, safi na ya bei ya kuongeleka. Ukiwa wewe ndiye mnunuzi, uliza shata imepiga mara ngapi, jaribu nafasi ya kadi, kisha funga tundu la lenzi hadi f/16 na upige ukuta mweupe. Ukiona madoa, mwambie muuzaji kihisio kina vumbi, hata kama unajua kukisafisha mwenyewe.