Gorogoro Moja kwa Siku

Mwaka wa mama mwenye watoto sita huko Ntimaru huanzia ghalani, mavuno yakishaanuliwa. Hapo ndipo hesabu ya kwanza hupigwa, tena kwa macho tu. Gunia la mahindi nchini Kenya hubeba kilo 90. Gorogoro, lile kopo la kilo mbili hivi linalotumika sokoni mahali pa mizani, huchota gunia hilo mara 45. Nyumba ya watu wanane ikisaga gorogoro moja kwa siku, mwaka mzima utakula magunia manane na kidogo juu yake. Mama akisimama mbele ya magunia sita mwezi wa Agosti, anajua kabla hajafunga mlango kwamba Aprili ikiisha na mahindi yatakuwa yameisha, na kwamba Mei, Juni na Julai zitamkuta mahindi mapya yangali mabichi shambani na bei sokoni imepanda. Ufundi wake wote umo katika kazi hiyo moja: kilichokuja kwa mkupuo kukigawa kwa siku zinazokuja moja moja. Ni ufundi mkubwa, na haupewi jina kwa sababu ukifanywa vizuri hakuna kinachoonekana. Watoto wamekula, wamelala, basi.

Ntimaru iko Kuria Mashariki, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, na ardhi yake inakubali mengi: mahindi, wimbi, muhogo, viazi vitamu, ndizi, maharagwe, na tumbaku. Mkono wa mama huonekana kwanza katika kuchagua kipi kipewe kipande gani. Mahindi hujaza gunia haraka lakini fukusi huyapenda. Wimbi ni kinyume chake. Punje yake ni ndogo mno kwa mdudu kuishi ndani, kwa hiyo likikaushwa vizuri hukaa miaka bila kuharibika. Muhogo nao ni ghala lisilohitaji paa, maana hukaa ardhini mpaka siku ya kung'olewa. Mama anayetenga robo ya shamba kwa wimbi na kona moja kwa muhogo amekwisha kuziba ile miezi mitatu kabla haijafika. Katikati ya Juni, muhogo mkavu na wimbi husagwa pamoja kwenye kisiagi, na ugali wake wa kahawia hushika tumbo la mtoto hadi jioni.

Hata hivyo wimbi lina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa magoti. Likiwa changa hufanana na gugu la ukoo wake, jani kwa jani, kiasi kwamba jembe haliwezi kutofautisha. Mpaliliaji huinama au hupiga magoti, akashika kila shina karibu na udongo, akatazama lilivyo chini, akang'oa moja na kuacha moja. Nusu ekari huchukua siku nyingi. Mwenye watoto wengi huchagua kazi hii akijua wazi anachonunua: uji wenye kalisi nyingi kuliko wa mahindi kwa mbali, na akiba ambayo haiogopi fukusi.

Tumbaku ni hesabu nyingine kabisa. Mkulima wa mkataba hupewa pembejeo kwa mkopo, hukatwa deni siku ya kuuza, na kinachobaki huja mara moja kwa mwaka. Mara nyingi mkataba huandikwa kwa jina la mume. Kukausha majani hula kuni, na kuni zikipungua ni mama na mabinti wanaotembea mbali zaidi. Katika miaka ya 2020 Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo na Mpango wa Chakula Duniani, pamoja na serikali ya Kenya, yalianza kuwasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Kwa jicho la jikoni, faida kubwa ya maharagwe hayo ni kwamba yasipopata soko huliwa. Tumbaku haitiwi sufuriani.

Pesa ya mkupuo inahitaji mahali pa kuikatia vipande, na mahali hapo ni chama. Wanawake kumi na wawili wakichanga kila wiki, kila mmoja huwa na zamu yake inayojulikana, na mama mjanja huomba zamu iangukie Januari, shule zinapofunguliwa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kitita kinaweza pia kutengwa kwenye simu, mbali na mkono wa anayekuja kukopa. Lakini chama bado kinashinda simu kwa jambo moja: kina mashahidi. Pesa iliyoahidiwa mbele ya wenzake kumi na mmoja ni vigumu kuliwa.

Siku yenyewe hupangwa kwa moto. Maharagwe hulowekwa usiku ili yaive kwa kuni chache, kisha huchemshwa ya siku tatu kwa mara moja. Mboga chungu kama managu na saga hupikwa, hulala, na kesho yake hurudishwa mekoni kwa maziwa, zikawa tamu kuliko jana. Uji wa asubuhi huchachushwa tangu jioni. Hapa kuna uamuzi unaoonekana mdogo na si mdogo: uji mwepesi hujaza vikombe vinane kwa unga wa vinne, ila tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, likijaa maji limeshiba bila kulishwa. Mama mjuzi hutoa kwanza uji mzito wa yule mdogo, ndipo akaongeza maji kwa wakubwa.

Kwenye kugawa ndipo ufundi huu unapostahili kutazamwa kwa karibu. Desturi ya kula sahani moja ni nzuri kwa udugu, lakini ina hakimu mbaya: mkono mwepesi. Wa miaka kumi na mbili humaliza matonge manne wakati yule wa miaka mitatu angali anapuliza la kwanza. Kwa hiyo mama humtolea mdogo bakuli lake, aone mwenyewe kilichobaki. Omena, yaani dagaa, hugawiwa kabla ugali haujatua mezani, kiganja kwa kila mmoja, na kiganja hupimwa upya kila siku kwa jicho: huyu alikuwa na homa jana, yule ametoka kuchota mitungi miwili ya maji. Mgao sawa si lazima uwe mgao wa haki, na watoto hulijua hilo mapema wakilionyeshwa bila upendeleo.

Doa la ufundi huu ni kwamba fundi hujisahau. Mama hula mwisho, mara nyingi ukoko wa sufuria na mchuzi uliobaki, na jambo hilo husifiwa kana kwamba ni sehemu ya kazi. Si sehemu ya kazi. Mwanamke mjamzito anahitaji madini ya chuma kuliko mtu mwingine yeyote pale jikoni, anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida yake, na kipimo kinachomwacha mama nje kimekosewa. Wajuzi kweli hutenga sahani yao na kuifunika kabla ya kuita watoto.

Nguo hufuata mantiki ile ile ya kugawa siku. Ada ya shule za msingi za umma iliondolewa Januari 2003, lakini sare ilibaki mzigo wa nyumba. Sketi hununuliwa ikiwa kubwa, ikapigwa pindo la vidole vinne, na kila mwaka pindo hufunguliwa kidogo. Mistari iliyofifia ya mishono ya zamani huonyesha umri wake. Ikimtoka dada mkubwa humwingia wa pili. Msururu huo unafupika, kwani Wakenya wanazaa wachache: mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani ulikuwa watoto wanane kwa mwanamke, na utafiti wa 2022 ulipata 3.4. Viatu havirithiwi vizuri, maana hushika umbo la mguu wa kwanza.

Liko pia lisilopimwa kwa kopo wala kwa pindo. Likizo ya Desemba ndiyo majira ya tohara kwa Wakuria, na kwa miaka mingi wasichana walikeketwa katika majira hayo hayo. Sheria ya mwaka 2011 iliharamisha ukeketaji, lakini sheria iko mbali na ua wa nyumba, shinikizo la ukoo liko karibu, na mpaka wa Tanzania ni mwendo mfupi. Mama aliyeamua kumlinda binti yake hutayarisha Desemba tangu Agosti: huzungumza na shangazi anayeishi mbali, huweka nauli kando ya ada, huhakikisha ndugu wa kiume wanajua msimamo wake. Hiyo ni akiba kama ile ya wimbi, na huwekwa kwa subira ile ile.

Haya yote hufundishwa bila somo, kwa wavulana na wasichana. Mtoto wa miaka kumi hutumwa ghalani na kopo, akajifunza kwamba nyumbani gorogoro hupanguswa kwa kiganja, hailundikwi. Kisha hutumwa sokoni, ambako wapo wauzaji wanaobonyeza kitako cha kopo kwa ndani ili libebe pungufu. Mara ya kwanza huenda na mama yake. Mara ya pili huenda peke yake, na kabla mahindi hayajamiminwa hulipindua kopo na kupitisha kidole gumba kwenye kitako.