Mwendo wa Julai

Baridi ya Kakamega ni ya maji. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na ifikapo Julai ukungu hulala juu ya bonde la Isiukhu mpaka jua lipande sana. Wazee wa Shieywe huvaa koti juu ya sweta, gambuti miguuni, wakasimama mlangoni na kikombe cha chai ya maziwa wakitazama mahindi yanayokomaa polepole. Palizi imekwisha, mavuno bado. Ni miezi ya mtu kuwa na nafasi, na zamani nafasi hiyo ilitumika kutembeleana kwa miguu, ukweni, kwa wajomba, kwa rafiki wa jandoni aliyehamia kijiji cha mbali.

Katika watu ninaowafahamu, aliyebaki na ufundi huo ni mmoja: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye sote, hata wenye mvi, tunamwita Mwalimu tu. Kila Julai hukusanya marafiki wachache, akawatoa Shieywe alfajiri, akawapitisha vijia na mabonde hadi msitu wa Kakamega upande wa Isecheno, kisha akawarudisha Shinyalu kula chakula cha mchana. Mtu akisikia hivyo huuliza ufundi uko wapi, maana miguu kila mmoja anayo. Huyo hajawahi kutembea na kundi lenye kijana wa chuo, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mzee mwenye goti bovu na mchuuzi anayepokea simu kila dakika, wakafika wote, pamoja, wakiwa bado wanapendana.

Mwalimu haongozi kwa kutangulia. Anayetangulia ni mwenye goti bovu, kwa kuwa wa mbele ndiye mwenye mwendo, na wengine watake wasitake watamfuata. Yeye mwenyewe hukaa katikati akihamahama, mara yuko na huyu, mara na yule, na baada ya saa moja unagundua kwamba wawili waliokuwa wamenuniana tangu matanga ya mwaka jana wanatembea bega kwa bega na hawajui nani aliwasogeza. Saa ya kwanza hapendi maneno mengi. Anasema baridi ikiwa bado mwilini watu husema mambo makali. Tukifika mlimani humuuliza swali refu yule mwenye pumzi, ili asiye na pumzi asilazimike kujibu.

Na anajua kusimama. Hili nimelitazama kwa miaka na bado siwezi kuliiga. Mtu akichoka, Mwalimu hatangazi mapumziko, maana mapumziko yakitangazwa kila mmoja hugeuka kumtafuta aliyechoka. Husimama chini ya mti wa mwiritsa, akapapasa shina lake lililochubuliwa, akaanza kueleza jinsi gome lake linavyotafutwa hadi ng'ambo kwa dawa ya tezi dume, na jinsi mti unavyokauka ukichunwa mzunguko mzima. Tunasikiliza kwa hasira na huruma. Yule aliyechoka naye anasikiliza, ameegemea fimbo yake, na pumzi inarudi kifuani bila mtu kuiona ikirudi.

Msitu wenyewe wasomaji wanaujua. Hapo ndipo misitu ya mvua ya Kongo ilipoishia upande wetu, na kilichobaki ni kama kilomita mraba 240, nazo zimekatwakatwa. Ukanda wa chai wa Nyayo umeuzunguka pembeni tangu miaka ya themanini. Tunapita kwenye chai hiyo majani yakiwa yamelowa, suruali zinaloa hadi magotini, halafu tunaingia chini ya miti na ghafla kunakuwa na joto kidogo. Juu wanasikika hondohondo, mabawa yao yakivuma, na mbega wamekaa wamejikunyata kama sisi. Kulukulu mkubwa wa buluu huonekana na yule tu asiyemtafuta. Mwalimu huchomoa mfukoni mzizi wa mukombero, akaukata kwa kisu, akagawa. Anaununua mjini kwa mtu anayeulima shambani kwake. Ule wa msituni hagusi, kwa sababu umechimbwa kupita kiasi.

Kisha tunapanda kilima cha Lirhanda. Kule juu nchi inafunguka hadi miinuko ya Nandi, na ubavuni mwa kilima kuna shimo la zamani la wachimba dhahabu ambalo sasa ni makao ya popo. Mwaka 1931 dhahabu ilipopatikana Kakamega, Wazungu walimiminika na mahema na sululu. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji, ile iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu nyuma kwa ahadi kwamba ardhi hiyo ni yao daima, ili iweze kutwaliwa kwa ajili ya migodi bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwalimu husimulia habari hizi akitazama shimo, bila kupaza sauti. Husema baba zetu walikwenda kazini kwenye mgodi wa Rosterman kwa miguu na kurudi kwa miguu, na waliomtangulia baba yake walitembea hadi Kisumu, kama kilomita 50, kulitazama gari moshi lililofika ziwani mwaka 1901. Walikwenda kwa makundi na waliimba njiani.

Mwaka huohuo wa 1932, huko Uingereza, vijana wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield waliingia kwa makusudi katika nyika ya Kinder Scout, iliyokuwa imezuiwa na mabwana wa ardhi, kwa sababu walitaka kutembea siku ya Jumapili. Baadhi yao walifungwa jela. Mwaka 1949 bunge lao lilipitisha sheria ya kuzichora njia za miguu kwenye ramani, na hadi leo mkulima wa kule hawezi kumzuia mpita njia anayekatiza shamba lake kwenye njia iliyoandikwa. Ndiyo sababu nchi yenye baridi na matope kuliko yetu bado ina watu wanaotoka na marafiki zao Januari, wakatembea mashambani hadi adhuhuri, wakaishia kwenye baa ya kijiji palipo na moto na sahani ya nyama. Tunawaona kwenye filamu na kudhani ni anasa ya wenye pesa. Mwanzo wake ni vijana wa viwanda waliokubali kwenda jela ili wapate kutembea.

Mwalimu hana habari na baa. Safari yake inaishia kwenye hoteli moja ya Shinyalu yenye mabati, benchi za mbao na jiko la kuni nyuma ya ukuta, na hapa ndipo nusu ya pili ya ufundi wake ilipo, kwa sababu safari yote imepimwa kwa sufuria.

Siku moja kabla humpigia simu mama mwenye hoteli. Zamani, kabla ya simu, alimtuma kijana wa baiskeli. Mama huuliza, "Mwalimu, mko wangapi?" naye hujibu, "Tuko watu wa jogoo wawili, Mama." Hapo mambo yamekwisha. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa, aliyekimbizana na wenziwe uani mwaka mzima, halainiki chini ya saa tatu kwa moto wa kuni. Mama humnyonyoa, akambabua juu ya ndimi za moto mpaka ngozi ikawa rangi ya shaba, akamkata kwenye viungo. Hapasui mfupa, kila kipande kinajulikana ni cha wapi na kwa kawaida ni cha nani. Kitunguu, chumvi, maji kidogo, basi. Mafuta ni ya jogoo mwenyewe. Sufuria inapanda motoni saa nne, wakati sisi tunaingia msituni. Tukiwa juu ya Lirhanda inaanza kunukia. Tukishuka kwenye chai, Mama anachuma mrenda na kuchuja munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe. Saa saba tukitokeza njia ya nyuma ya soko, ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo unageuzwa kwenye sinia, na mvua ya alasiri inaanza kujikusanya juu ya Nandi.

Nimekula ingokho, kuku wetu, nyingi, kwenye harusi, kwenye mahoteli yenye vitambaa mezani, kwa watu wanaonipenda. Sijala iliyo sawa na ile. Mchuzi wake ni mwembamba na mzito kwa pamoja, una moshi na una utamu wa mfupa, na unapouchota kwa tonge la wimbi likiwa bado linaunguza vidole, baridi yote ya asubuhi inaachia mgongo. Maji ya kunawa huletwa na mtoto, birika na beseni, akianza na mzee. Viatu vyenye matope vimepangwa mlangoni. Kwa muda mrefu hakuna anayesema neno. Halafu mtu mmoja anacheka jambo lililosemwa kule kwenye chai, na mazungumzo yanaanza upya, safari hii yakiwa na kicheko, kwa sababu yale magumu yalikwishasemwa njiani ambako hakuna aliyelazimika kumtazama mwenzake machoni.

Imondo, yaani firigisi, kama ilivyo kwetu, huwekwa kwa mwanamume mkubwa wa meza. Mwaka ambao yule muuguzi alimzika mama yake, Mwalimu aliichukua kwenye bakuli lake akaiweka kwenye bakuli la muuguzi, akaendelea kula. Mama mwenye hoteli aliona. Alisimama na kata mkononi, asiseme kitu. Julai iliyofuata, mabakuli yalipoletwa, imondo moja ilikuwa kwa Mwalimu na ya pili ilikuwa imekwishawekwa kwa muuguzi.

Sasa watu wanakuja Shinyalu kwa njia nyingine. Tangu serikali ilipolegeza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, hakuna kijiji cha eneo hili la Isukha ambacho bodaboda haifiki mlangoni, na sitawalaumu, kwani mama mjamzito usiku wa mvua anajua thamani yake. Ninaowalaumu ni sisi wenye afya, wenye Jumamosi tupu, ambao tumebakiza kula na kuacha kutembea. Baadhi ya marafiki wa Mwalimu huja na gari hadi mlango wa hoteli saa saba, wameketi tangu Kakamega kila mmoja na simu yake, wakaagiza, wakalalamika kwamba jogoo anachelewa. Anachelewa, ndiyo. Hakuwekwa motoni kwa ajili ya watu wa dakika 30. Kwa hiyo Mama amenunua friji, na ndani yake mna kuku wa gredi wanaoiva kabla soda haijapoa. Anawapikia wanachokitaka. Ana watoto wa kusomesha.

Ngoma ya isukuti, inayowasindikiza mafahali wa kupigana kwenda uwanjani alfajiri hapahapa Shinyalu na Khayega, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Nilifurahi sana siku niliposikia. Lakini isukuti yenyewe ni ngoma ya watu walio njiani. Fahali hakupakiwa kwenye lori. Alisindikizwa kijiji hadi kijiji, wapigaji wakikimbia na kutembea, jasho likitoka kwenye baridi ileile ninayoisema. Ukiiweka jukwaani mbele ya viti vya plastiki umehifadhi sauti yake, na mwendo uliobeba sauti hiyo umeuacha ufe.

Na vijia vinakwisha. Hivi vyetu havikuwahi kuchorwa popote. Viliishi kwa sababu majirani walikubaliana viishi, na kwa sababu mtu akipita hutoa salamu, "Mulembe," na kupokea mulembe. Siku hizi kipande cha shamba kinauzwa kwa mtu wa mjini, naye jambo la kwanza ni ukuta. Simfahamu aliyenunua mteremko ule ambako Mwalimu alizoea kutushushia kijitoni, na sina ugomvi naye. Amejenga ukuta wa mawe wenye vigae vya chupa juu, ukakata njia ambayo watu wameipita tangu kabla ya dhahabu. Mwalimu alisimama mbele yake kitambo, akaugusa kwa fimbo, akatugeuza kuelekea barabara ya lami.

Barabarani watu hutembea mstari mmoja. Malori yanapita karibu, pikipiki zinapiga honi, na wa nyuma hasikii anachosema wa mbele. Goti la Mwalimu mwenyewe sasa limeanza kuuma, hivyo yeye ndiye tuliyemtanguliza, na hakuna mwingine kati yetu aliyejua kukaa katikati. Hatukusimama chini ya mti wowote, kwa kuwa hapakuwa na miti. Mchuuzi alipokea simu zake zote. Wale wawili waliokosana mwaka huu walifika wakiwa bado wamekosana. Tulifika Shinyalu saa sita kasoro, mapema kuliko miaka yote, na Mama alipofunua sufuria na kumchoma jogoo kwa uma, uma haukuingia.