Matumbawe Katika Tungo Zetu

Wataalamu wa arudhi huziita aina za tungo zetu "bahari": utenzi, ukawafi, hamziya, tumbuizo, kila moja ni bahari yake. Jina hilo laonyesha jinsi malenga wa pwani walivyoyaegemea maji yanayowazunguka. Hata hivyo, tukizikagua tungo zenyewe, tutaona kwamba bahari ya maji chumvi imetumika zaidi kuelezea mambo mengine. Huwa mapenzi, huwa siasa, huwa safari ya roho. Ni nadra kuwa bahari.

Mfano mkubwa ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Humo ulimwengu umefananishwa na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe na miamba. Istiari hiyo ilikuwa na ukweli wake: jahazi lilikuwa la mbao, na mwamba uliolipasua uliua watu. Karibu nasi zaidi, Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyeijua bahari kwa kazi ya mikono yake, aliipa diwani yake ya 1994 jina la Kimbunga, na fumbo la shairi lenye jina hilo lingali likijadiliwa. Kwa malenga wote wawili, hatari humjia binadamu kutoka nje yake.

Je, istiari hii ingali kweli tukisimama ufukweni Bagamoyo na kutazama kusini hadi Kunduchi? Mbele ya Kunduchi viko visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Lakini kwa miongo kadhaa mlio wa baruti ulisikika katika pwani hiyo. Operesheni ya wanamaji mwishoni mwa miaka ya 1990 iliunyamazisha kwa muda. Ukarudi, ijapokuwa Sheria ya Uvuvi ya 2003 iliukataza. Haukupungua sana mpaka baada ya 2015, vyombo vya dola vilipounganisha nguvu.

Tumbawe ni kiumbe hai, nalo hukua taratibu mno. Baruti hulivunja kwa mpigo mmoja likawa kifusi. Kifusi husukwasukwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati pa kushika. Samaki wengi waliouawa huzama, wasifike sokoni. Tena mwaka 1998 joto la maji liliyapausha matumbawe mengi ya upande huu wa Bahari ya Hindi. Leo chombo ndicho kinachouangamiza mwamba.

Mashairi ya mazingira ya siku hizi yamelionaje geuko hili? Mengi niliyoyasoma yana nia njema na sanaa dhaifu. Yanaamrisha: tutunze bahari, tusikate mikoko. Vina vimekamilika na mizani imetimia, lakini hamna hata samaki mmoja mwenye jina: si changu, si tasi, si chewa. Msomaji wa Bagamoyo aliyezoea mnada wa samaki haioni pwani yake humo. Kosa la pili ni kumlaani mvuvi bila kuuliza njaa yake, na bila kumgusa aliyemuuzia baruti wala anayenunua alichokilipua.

Sidai kwamba mafumbo yaachwe. Bila fumbo, shairi la namna hii huwa tangazo la ofisi. Ninachodai ni kwamba fumbo tulilorithi likaguliwe upya kabla ya kutumiwa. Pale Kaole, karibu na Bagamoyo, mikoko imesimama kati ya magofu ya mji wa kale na maji. Malenga atakayeketi hapo ana somo tayari: mji umekufa, mikoko ingali hai, na leo mikoko hiyohiyo ndiyo inayoogopa shoka la waliobaki. Hapo hana haja ya kuhubiri. Ataje alichokiona, na msomaji wa pwani atafumbua mwenyewe.

Sayyid Abdalla alituachia neno "matumbawe" likiwa onyo kwa msafiri. Mshairi wa leo akiliandika bila kujua kwamba linataja kiumbe anayekufa, amelirithi neno na kulipoteza lililotajwa. Na siku matumbawe yatakapokwisha, wajukuu wetu wataisoma Al-Inkishafi na kuuliza ni kitu gani hicho ambacho wazee walikiogopa.