Kuipangia Kamera ya Kompyuta Mwanga kwa Msimbo

Kamera ya USB inayobandikwa juu ya kioo cha kompyuta hutengeneza picha ndani yake yenyewe kabla haijaipitisha kwenye waya. Programu inayosubiri picha ifike ndipo iirekebishe huwa imechelewa: uso uliokwisha kuwa mweupe pe kwa mwanga wa dirisha hauna tena alama za kurudishwa. Marekebisho yenye faida hufanyika kwenye kamera.

Lugha ya kuzungumza nayo imewekwa na kiwango cha UVC, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003. Kiwango hicho huigawa kamera katika sehemu. Moja husimamia lenzi na muda wa kupokea mwanga. Nyingine husimamia mng'ao, tofauti ya giza na nuru, ukolevu wa rangi na uwiano wa weupe. Kila sehemu hutaja virekebishi ilivyo navyo, na kwa kila kimoja kompyuta huweza kuuliza kima cha chini, kima cha juu, ukubwa wa hatua, thamani ya kiwandani na thamani ya sasa.

Katika Linux kazi hiyo hufanywa na draiva ya uvcvideo, iliyoingia kwenye kerneli 2.6.26 mwaka 2008, kupitia kiolesura cha V4L2. Programu hufungua /dev/video0 kama faili, huuliza kwa VIDIOC_QUERYCTRL, kisha huandika kwa VIDIOC_S_CTRL. Kuuliza ndiyo hatua inayorukwa sana, na kuiruka kuna gharama. Mng'ao wa 128 ni wa katikati kwenye kamera yenye mizani ya 0 hadi 255. Kwenye yenye mizani ya -64 hadi 64 umevuka mpaka, na draiva huushusha hadi 64 kimyakimya. Msimbo makini husoma tena kila thamani baada ya kuiandika.

Utaratibu nao una uzito. Muda wa mwanga haushikiki kwa mkono wakati kamera ingali inajipangia yenyewe: amri hukataliwa, au hupokelewa na picha isibadilike. Lazima hali ya kujiendesha izimwe kwanza. Joto la rangi, linalopimwa kwa Kelvin, linafuata sheria hiyohiyo.

Muda wa mwanga ndio kirekebishi kinachostahili uangalifu kuliko vyote, kwa kuwa unagusana na taa za chumbani. Umeme wa Kenya na Tanzania hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupwita mara 100. Kamera iliyopangiwa umeme wa mizunguko 60, kama wa Marekani, huonyesha mistari ya giza ikitambaa kwenye picha. Upo mpangilio maalumu wa jambo hili: katika V4L2, 1 ni mizunguko 50 na 2 ni mizunguko 60. Anayepanga kwa mkono achague muda unaogawanyika kwa milisekunde 10, ili kila fremu ipokee mapigo kamili ya taa. Kipimo cha V4L2 ni sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo thamani ni 100, 200 au 300. Kwa fremu 30 kwa sekunde, fremu moja ina milisekunde 33 tu. Ukizidi hapo, kasi ya video lazima ishuke.

Windows ina njia nyingine. DirectShow hutoa violesura viwili, IAMVideoProcAmp kwa rangi na mng'ao, na IAMCameraControl kwa lenzi na muda wa mwanga. Hapa thamani na hali yake, ya kujiendesha au ya mkono, hupelekwa kwa amri moja, jambo linaloondoa kosa la utaratibu. Lakini muda huhesabiwa kwa vipeo vya mbili: -6 ni sekunde 1/64, -7 ni 1/128. Hizo ni takriban milisekunde 15.6 na 7.8, na hakuna inayogawanyika kwa 10. Chini ya umeme wa mizunguko 50 huo ni upungufu halisi, na kinga inayobaki ni ule mpangilio wa mizunguko ya umeme.

Thamani zilizoandikwa hukaa ndani ya kamera hata programu ikifungwa, na programu inayofuata huzikuta. Kamera ikichomolewa, kwa kawaida hupotea. Kwa sababu hiyo programu huziweka kwenye faili yake na kuziandika upya kila kamera inapochomekwa, ikianza na hali za kujiendesha, kisha namba.