Pongezi kwa watu wa hadubini

Kijana wa Karagwe au Kyerwa anayetamani kuuchunguza ubongo hahitaji kuanzia hospitali ya Muhimbili. Aanzie maabara ya hospitali kama Nyakahanga, wakati wa fildi, koti la kuazima likimpwaya. Mteknolojia humwekea slaidi iliyotiwa Giemsa, tone la mafuta juu, lenzi ya 100: "Haya, hesabu." Vimelea vya malaria kwa chembe nyeupe 200, ukipoteza hesabu, rudia. Malaria hiyohiyo ikipanda kichwani humtia mtoto degedege, akazimia. Kisha humletea maji ya uti wa mgongo, matone machache tu, yasiyongoja mtu amalize chai, maana chembe zake huharibika upesi. Nawavulia kofia wateknolojia hawa: wanafundisha huku foleni ya wagonjwa imefika mlangoni.