Hati Njema Isiyomwona Jirani: Kuisoma Charta Oecumenica kutoka Machame hadi Leipzig

Tarehe 22 Aprili 2001, mjini Strasbourg, Ufaransa, viongozi wawili wa makanisa walitia saini hati fupi iitwayo Charta Oecumenica. Wa kwanza alikuwa Metropolita Jérémie, Mwothodoksi, kwa niaba ya Mkutano wa Makanisa ya Ulaya, ambao ndani yake wamo Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana, Wamethodisti na wengineo. Wa pili alikuwa Kardinali Miloslav Vlk, Askofu Mkuu wa Prague, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Ulaya. Hati ina sehemu 12, na katika kila sehemu makanisa yanaahidiana mambo ya kutenda. Yenyewe inakiri kwamba haina nguvu ya sheria ya kanisa wala ya fundisho la imani. Ni ahadi tu, na uzito wake unategemea wanaoahidi.

Washarika wetu wanaweza kuuliza hati ya Ulaya inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu Injili ya Kilutheri ilifika Machame mwaka 1893 kwa mikono ya watu wa Misioni ya Leipzig, na leo Leipzig yenyewe iko katika mojawapo ya maeneo ya dunia yenye watu wachache kabisa wanaokiri imani yoyote. Sharika zetu nyingi zina urafiki na sharika za huko. Wageni wao wanakuja, wanaimba nasi, wanashangaa kuona ibada tatu kwa Jumapili moja, na wakiondoka tunasikia maneno yanayosemwa nyuma yao: Wazungu wamemwacha Mungu. Hati hii ilitungwa na watu waliotaka kulijibu jambo hilo kwa pamoja. Ni haki kuipima kama imelijibu.

Tuanze na sifa zake, maana ni za kweli. Sehemu ya pili inasema kazi iliyo kuu kwa makanisa ya Ulaya ni kuihubiri Injili pamoja. Makanisa yanaahidi kuelezana mipango yao ya uinjilisti, kupatana, na kuepuka mashindano yenye madhara. Yanaahidi pia kwamba mtu asivutwe kubadili imani kwa kubanwa dhamiri wala kwa kupewa mali. Anayetoka katika mitaa yetu, ambako mahema ya mikutano hupigwa mita mia moja kutoka mlango wa kanisa la mwenzako, na mwanakwaya wako akaonekana huko wiki inayofuata, hawezi kusoma maneno hayo bila kuitikia amina.

Tena mmoja wa waliotia saini hakuwa mgeni wa habari hizi. Kardinali Vlk aliishi miaka mingi chini ya serikali ya kikomunisti ya Czechoslovakia. Mwaka 1978 alinyimwa kibali cha kufanya kazi ya upadre, akawa msafisha madirisha mjini Prague mpaka mwaka 1986. Mtu aliyebeba ndoo mitaani miaka minane miongoni mwa wasioamini anajua wanavyoongea na wanachocheka. Ndiyo maana tunashangaa kwamba sauti ya mitaa ile haisikiki ndani ya hati aliyoitia saini.

Ili tuelewe kinachokosekana, tuitazame Ujerumani Mashariki. Mwaka 1950, karibu watu wanane kati ya kumi huko walikuwa Waprotestanti, na zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa Mkatoliki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, Waprotestanti walibaki karibu robo ya watu wote. Kilichotokea katikati hakikuwa mahubiri mabaya peke yake. Kuanzia miaka ya 1954 na 1955 serikali ilisimamisha sherehe yake ya kuwaingiza vijana utu uzima, iitwayo Jugendweihe, katika umri uleule wa kipaimara. Mwanzoni makanisa yalikataa kumpa kipaimara kijana aliyeshiriki sherehe hiyo. Kijana aliyeikataa naye alihatarisha nafasi yake ya kuendelea na masomo. Wazazi wakapima, na wengi wakachagua shule. Sisi tunaojua mzazi wa Kitanzania anavyohangaikia ada na nafasi ya mtoto wake, tusiwe wepesi wa kusema wazazi wale walimwacha Mungu.

Halafu wazazi hao wakapata watoto, na watoto wao wakapata watoto. Hapo ndipo hati inapoteleza. Inapoeleza hali ya Ulaya inasema watu wengi wamepoteza mwelekeo na wameziacha tunu za Kikristo. Kuacha! Mjukuu aliyezaliwa Halle au Magdeburg katika nyumba ambayo hata bibi hakuwahi kuomba kabla ya kula hajaacha kitu. Hakukasirishwa na mchungaji, hakugombana na Biblia. Ukimuuliza kama anamwamini Mungu, anakutazama kama mtu aliyeulizwa kama anapenda mchezo ambao hajawahi kuuona ukichezwa. Kuna msemo unaorudiwa na wachungaji wa huko kwamba watu wao wamesahau hata kwamba wamesahau. Mwana mpotevu alikuwa na njia ya kurudi kwa sababu aliijua nyumba. Huyu wetu hajui kwamba kuna nyumba.

Sasa tazama anawekwa wapi ndani ya hati. Sehemu nyingi ni za makanisa kuelezana yenyewe: umoja, sala, mazungumzo ya mafundisho. Zinafuata sehemu kuhusu Ulaya, mataifa yake na uumbaji. Sehemu ya 10 ni ya uhusiano na Wayahudi, ya 11 ni ya Waislamu, na mwisho kabisa, ya 12, ni ya dini nyingine na mitazamo mingine ya maisha, ambamo makanisa yanaahidi kuwa tayari kuzungumza na watu wote wenye nia njema na kuwashuhudia imani. Kwa hiyo mtu ambaye huko Saxony-Anhalt ndiye jirani wanne kati ya watano, ameingia kwa mlango wa nyuma, na hana hata jina.

Tunaamini chanzo cha kosa ni namna hati inavyouelewa ushirikiano: kwanza kabisa ni kutokukwaruzana. Jambo hilo tunalijua Kilimanjaro kuliko yeyote. Wamisionari wa Kianglikana walipoondoka Moshi mwaka 1892, Walutheri wa Leipzig walishika nafasi. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu nao walikuwa wamekwisha kuingia Kilema. Mlima ukagawanyika, huku Walutheri na huku Wakatoliki, na mashindano ya shule hayakuisha. Sehemu nyingine za nchi, misheni za Kiprotestanti zilipatana mipaka, hawa wabaki na kabila hili na wale lile, kwa amani kabisa. Tunavuna mpaka leo. Mtu akitaja wilaya alikotoka, unaweza kukisia dhehebu lake. Kupatana mipaka kunazuia ugomvi, lakini ukishajua kwamba eneo hili ni la fulani, unaacha kumwangalia mtu aliyelala kando ya mpaka.

Huko Ujerumani Mashariki hakuna wa kushindana naye. Mchungaji mmoja huweza kuwa na vijiji kumi au zaidi, kila kimoja na kanisa lake la mawe la miaka mia kadhaa, na Jumapili waumini wanane. Kumwahidi mwenzako kwamba hutaiba kondoo wake mahali ambapo wote wawili mna kondoo wachache hivyo ni ahadi rahisi mno. Na hapohapo kijijini kuna jambo la ajabu: vyama vya kutunza jengo la kanisa, ambamo wanachama wengi si Wakristo. Wanachanga fedha, wanapanda juu kuezeka paa, wanapigania kengele isiuzwe. Ukiwauliza kwa nini, kila mtu ana jibu lake, na si mara nyingi jibu hilo huwa Mungu. Kama kuna watu makanisa yalipaswa kwenda kwao pamoja, ni hao. Hati haiwajui.

Mtu atasema tunadai mengo kwa jiwe, kwamba karatasi haiwezi kufanya hayo. Inaweza, kwa sababu ilikwisha kufanyika katika nchi hiyohiyo. Miaka kumi na miwili kabla ya Strasbourg, makanisa 19 ya Ujerumani Mashariki, Wakatoliki wakiwemo, yalimaliza Kusanyiko la Kiekumene la Haki, Amani na Utunzaji wa Uumbaji. Lilikaa Dresden Februari 1988, Magdeburg Oktoba, na tena Dresden Aprili 1989. Kabla ya kuandika lolote, waliwaomba watu waseme kinachowaumiza. Yalikuja maelfu ya maoni: watoto wanaobanwa shuleni, mito iliyokufa kwa kemikali za viwanda, silaha, hamu ya kusafiri. Maandiko yaliyotoka yalijaa mambo hayo, na miezi michache baadaye yaliingia katika fikra za vikundi vilivyodai mabadiliko. Huo ulikuwa ushirikiano ulioanza kwa kusikiliza nje ya ukuta wa kanisa.

Mjini Leipzig, sala za amani katika Kanisa la Nikolai zilikuwa zimeanza mwaka 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, mara nyingine na watu wachache tu. Tarehe 9 Oktoba 1989 chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake wakalie viti mapema. Wakakaa, wakasikiliza Neno bila kupenda. Jioni ile sala zilifanyika katika makanisa manne, matatu ya Kilutheri na moja la Kireformati, na nje walitembea watu wapatao 70,000. Askari walikuwa tayari. Hakuna risasi iliyopigwa.

Ni lazima tuseme na upande wa pili, maana wengine hulihadithia tukio hilo kama uamsho. Halikuwa uamsho. Watu walikwenda nyumbani, wakapata uhuru wao, na viti vikabaki wazi. Idadi ya Wakristo imeendelea kushuka mpaka sasa. Kwa hiyo yuko anayeweza kutuambia: kusikiliza nako hakukuleta ubatizo hata mmoja wa kutajwa, afadhali mkutano wa Injili wenye spika. Hoja hiyo ina nguvu, na sisi tunaoshikilia agizo la kubatiza hatuwezi kuipuuza. Jibu letu ni kwamba baada ya 1989 makanisa yaliacha kuuliza. Yaliingia katika kazi kubwa ya kuunganisha ofisi za mashariki na magharibi, kodi ya kanisa, na vipindi vya dini shuleni. Masikio yaliyokuwa wazi yakarudi mezani kwa kamati. Hati ya 2001 imetoka katika chumba hicho.

Kuna mstari mwingine unaotugusa sisi Waafrika. Katika sehemu ya nane, makanisa yanaahidi kusaidia ili wahamiaji, wakimbizi na wanaoomba hifadhi wapokelewe kwa utu. Tunashukuru, kwa kuwa wapo waliokufa baharini wakitafuta mapokezi hayo. Lakini tazama mhamiaji ni nani hapo: ni mtu wa kupokelewa. Wakati huohuo katika miji mingi ya Ujerumani, makanisa ambayo asubuhi yana wazee wachache, mchana yanapangishwa kwa sharika za Waafrika zinazoimba mpaka jioni. Wanakabidhiana funguo, wanapatana kodi ya ukumbi. Ni mara chache wanapanga pamoja jinsi ya kumfikia anayeishi ghorofa ya mbele. Hati inayosema uinjilisti ni kazi ya wote ingeweza kumwita mgeni huyu mtenda kazi. Imemwita mhitaji.

Kuhusu Meza ya Bwana tutasema kidogo, maana ni kidonda cha zamani. Makanisa ya Ujerumani yalitia saini hati hii Berlin tarehe 30 Mei 2003, katika siku kuu ya kwanza ya pamoja ya Wakatoliki na Waprotestanti. Siku moja kabla, katika Kanisa la Gethsemane, padre Gotthold Hasenhüttl aliongoza misa na kuwakaribisha Waprotestanti mezani. Baadaye alisimamishwa upadre. Gethsemane ni kanisa la Berlin Mashariki lililowakusanya wapinzani wa serikali mwaka 1989. Jirani asiye na dini anayepita mbele ya lango lile atahitaji kwanza kuelezwa ugomvi ulikuwa wa nini.

Wanaotupa moyo zaidi ni Wakatoliki wa Erfurt, mji ambao Luther aliingia utawa mwaka 1505. Mwaka 1998 padre Reinhard Hauke alianzisha katika kanisa kuu lao sherehe ya vijana wasiobatizwa, wale ambao wangekwenda Jugendweihe au wasiende popote. Wanajiandaa kwa miezi, wanaeleza wanachotumaini maishani, wanasimama mbele ya wazazi, wanasikia Maandiko. Hawabatizwi, na hawadanganywi kwamba wamebatizwa. Walutheri wengi wangeguna, na sisi tuliguna tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza: sherehe kanisani bila kukiri imani, si ndiyo Jugendweihe yenye mishumaa? Hata hivyo padre yule alifanya ambacho hati haikukiwaza. Alianza na hitaji la familia, akaacha mlango wazi.

Sasa chukua mzazi mmoja wa kijana kama huyo, ambaye baada ya sherehe anabaki nyuma na kuuliza kwa aibu kama kuna mtu anayeweza kumweleza yale maneno yaliyosomwa. Yeye si Mkatoliki wala Mlutheri, na kwake majina hayo ni kama majina ya vilabu vya mpira. Nani atakwenda kwake Alhamisi jioni, padre, mchungaji, au mwinjilisti wa usharika wa Waafrika anayekaa mtaa uleule? Wakienda watatu, wakazungumza naye mwaka mzima, na akataka kubatizwa, atabatizwa wapi, na Jumapili inayofuata atakula Chakula cha Bwana katika kanisa gani? Tumezisoma sehemu zote 12, na jibu la swali hilo halimo.